Doa la Ngazi

Usafi ni neno ambalo kila mtu hulijua na aghalabu hakuna anayeulizwa maana yake. Mwenye shati jeupe huitwa msafi, ingawa shati halisemi neno juu ya mwili uliomo ndani yake. Nyumba iliyopakwa chokaa husifiwa na mpita njia ambaye hajapata kuuona uwanja wake wa nyuma. Jicho ni hakimu mwenye haraka: huona weupe, hutoa hukumu, kisha huondoka. Lakini lugha ya Kiswahili haikuridhika na hukumu ya jicho peke yake. Ilitenga neno la kufagia na neno la kuosha. La kufua na la kusugua. La kutakasa na la kutoharisha. Na hata kwa mabaharia waosha sitaha ilichukua neno la deki, ikalipa sakafu za nyumba za nchi kavu. Wingi huo wa maneno ni dalili kwamba uchafu una namna nyingi, na kwamba dawa ya namna moja si lazima iwe dawa ya namna nyingine. Jambo hili lilidhihirika katika ngazi moja ya Michenzani, kisiwani Unguja, kwa gharama ya nyonga ya mzee mmoja na pumzi ya mtoto mmoja.

Michenzani ni mtaa wa Ng'ambo, upande ulio nyuma ya Mji Mkongwe. Asiyepata kufika huko afikirie njia kuu mbili zinazokutana katika mzunguko mmoja, na kandokando ya njia hizo majumba marefu ya zege, urefu wake ukikaribia mita 300 kutoka pembe hata pembe. Hapo zamani palijaa nyumba za udongo na miti zilizoshikana bega kwa bega. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuwapa watu wa Ng'ambo makao mapya. Ramani ya mji ilichorwa mwaka 1968 na mtaalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki, Hubert Scholz. Ujenzi ulishika kasi katika miaka ya 1970, mikono ya wananchi wa kujitolea ikiwa pamoja na mikono ya mafundi, na haukukoma Mzee Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Waliobomolewa nyumba zao walipewa fleti. Mtu aliyezoea kuinama chini ya makuti alijikuta akitazama minazi kutoka juu.

Katika nyumba ya udongo kila familia ilikuwa na uwanja wake. Mwanamke aliamka, akashika ufagio wa chelewa, akafagia mpaka wake na kukomea pale ulipoanza mpaka wa jirani. Takataka ilipoonekana mwenyewe alijulikana, na aibu ilijua nyumba ya kuingia. Majumba ya ghorofa yalileta ngazi, na ngazi ni uwanja wa namna nyingine kabisa. Wote huikanyaga na hakuna aliyeandikiwa. Ndani ya mlango wake mwenye fleti hupiga deki hata sakafu ikamwonyesha uso wake. Nje ya kizingiti, hatua moja tu, huanza nchi isiyo na mfalme. Huko maganda ya machungwa hulala hata yakakauka, na kila apitaye huyatazama kwa jicho la mgeni.

Zege huonekana gumu kama jiwe, na mtu hudhani kuwa kitu kigumu hakinywi. Zege hunywa. Lina vitundu vingi vidogo mno, na maji hupenya humo, yakakaa, yakatoka polepole. Penye maji, kivuli na vumbi kidogo huota viumbe vidogo vya jamii ya mwani, ambavyo havidai udongo wala mbolea. Huo ndio ukijani uonekanao juu ya kuta zisizopata jua. Nyuma yake hufuata kuvu, ambayo hugeuza ukijani kuwa weusi. Unguja ina masika ya Machi hata Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, na baina yake hewa yenyewe hubeba unyevu wa bahari. Viumbe hivyo havikuweza kuomba makao bora kuliko hayo.

Katika ngazi inayosimuliwa hapa doa lilianza katika kituo cha kupumzikia, baina ya ghorofa ya tatu na ya nne. Kwanza lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Mwaka uliofuata lilikuwa na ukubwa wa mkeka wa kusalia. Kisha likashuka vidato vinne, taratibu, kama mtu asiye na haraka kwa sababu ajua kwamba hakuna atakayemzuia. Wakazi walilijua. Waliwaonya wageni wao: "Hapo shika ukuta." Onyo hilo lilikuwa la wema, lakini lilikuwa pia aina ya uvivu, maana kila aliyelitoa alijiona amekwisha timiza wajibu wake.

Ghorofa ya tano alikaa mwalimu mstaafu, mtu wa miaka zaidi ya sabini, ambaye nusu ya watu wazima wa jumba lile walijifunza kusoma mbele yake. Alfajiri moja ya masika alishuka kwenda msikitini. Umeme ulikuwa umekatika. Alishika ukuta kama alivyoonywa, lakini ukuta nao ulikuwa umelowa. Waliokuwa macho walisikia mshindo, kisha sauti ya bakora ikidunda kidato hata kidato mpaka chini. Mwalimu hakupiga kelele. Alipofikiwa alikuwa ameketi juu ya ukijani, akisema kwa haya, "Samahani, nimewaamsheni." Nyonga yake ilikuwa imevunjika.

Siku ile ile wakazi walikutana ngazini. Huzuni ilikuwa ya kweli, na kama ilivyo desturi ya huzuni ya watu wengi, haikuchelewa kugeuka ugomvi. Wa chini waliwalaumu wa juu kwa kumwaga maji. Wa juu waliwalaumu wa chini kwa kutofagia. Mmoja alilaumu mvua, na kwa kuwa mvua haikuwapo kikaoni kujitetea, wote waliafiki. Hapo bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mjane aliyewalea watoto wake kwa kuuza vitumbua, aliinuka na kusema, "Maneno hayasugui. Kesho naleta jiki."

Jiki ni jina ambalo watu wa Afrika ya Mashariki huiitia dawa ya maji ya kung'arishia nguo. Hakuna duka dogo la Ng'ambo lisiloiuza. Bibi yule aliijua kwa kanzu na mashuka: doa la mchuzi huingia nalo likatoka bila lenyewe. Alifikiri, na fikira yake haikuwa ya kijinga, kwamba kitu kishindacho doa la nguo kitalishinda doa la zege. Asubuhi alimimina chupa nzima, bila tone la maji, juu ya vidato vikavu vyenye vumbi. Ukijani ulififia kidogo, weusi ukabaki. Kijana mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye moyo wa kusaidia, aliona dawa haina nguvu. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya dawa kali ya kusafishia choo, akaimimina juu ya ile ya kwanza ili dawa mbili zifanye kazi ya dawa moja.

Zege lilitoa povu, na katika povu ukapanda moshi wa rangi ya kimanjano. Kijana alirudi nyuma akishika koo. Bibi alifunika uso kwa kanga yake. Lakini hewa ile haikuwatafuta wao. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara mbili na nusu, na kitu kizito hushuka. Ilishuka ngazi kama maji, kidato hata kidato, mpaka ghorofa ya kwanza, ambako mtoto wa kike wa miaka sita alikuwa ameketi kidatoni akipika mchanga katika kifuu. Mama yake alimsikia akikohoa kikohozi ambacho hakukipata kukisikia. Alimbeba, akatoka naye nje penye upepo, miguu mitupu, akipiga ukelele uliofungua madirisha ya jumba zima.

Msomaji hana haja ya kutiwa hofu zaidi: mtoto alipona. Alikohoa siku mbili, akarudi kwenye kifuu chake. Lakini ni vema ijulikane hewa ile ilikuwa nini. Ilikuwa klorini, ile ile ambayo tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo huko Ypres, Ubelgiji, ikaingia katika mahandaki ya askari wa upande wa pili. Jiki ikikutana na asidi huiachilia hewa hiyo. Asidi si ya chooni tu. Siki ni asidi na ndimu ni asidi. Ikikutana na mkojo au dawa zenye amonia hutoa hewa nyingine mbaya. Haikuhitajika nia mbaya ya mtu yeyote. Ulitosha wema usio na elimu, nao umeua wengi duniani.

Aliyeitwa kumtazama mtoto alikuwa muuguzi mstaafu wa jumba la jirani. Baada ya kuhakikisha kwamba mtoto anapumua vizuri alipanda ngazi, akainusa hewa kwa mbali, akaagiza madirisha yote yafunguliwe na maji mengi yamwagwe. Kisha alimwendea bibi, ambaye alikuwa amekaa kizingitini mwake bila kusema.

"Dada, umetia nini?"

"Jiki, mdogo wangu. Jiki tu. Hicho kingine si changu."

"Na maji?"

"Maji ya nini? Nilitaka iwe na nguvu."

Muuguzi alikaa kando yake. Aliona kwamba kanga ya bibi, kisutu cha zamani chekundu na cheusi, ilikuwa imerukiwa na matone ya dawa, na kila tone limeacha duara jeupe. Bibi naye aliyaona. Alikipapasa kile kisutu kwa kidole na kusema, "Madoa haya hayatoki tena."

Neno hilo lilikuwa dogo lakini ndani yake mlikuwa na somo zima. Juu ya zege, weupe uliitwa usafi. Juu ya kisutu, weupe ule ule, uliofanywa na dawa ile ile, saa ile ile, uliitwa doa. Basi weupe si usafi wala weusi si uchafu. Uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake, na usafi ni kukirudisha kila kitu mahali pake. Dawa haijui tofauti hiyo. Huondoa rangi popote iikutapo, na anayejua tofauti ni mwenye kuishika chupa.

Historia ya dawa yenyewe yafundisha hayo. Zamani wafumaji wa Ulaya walizitandaza nguo za kitani majanini kwa majuma mengi ili jua na umande vizifanye nyeupe. Mwaka 1774 mwanachuoni wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata hewa ya klorini. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Claude Louis Berthollet alionyesha kwamba hewa hiyo ikitiwa majini huweza kufanya kazi ya jua la majuma mengi kwa muda mfupi. Mwaka 1799 Mskochi Charles Tennant alijipatia haki ya kutengeneza unga wake kwa kuipitisha klorini juu ya chokaa, na biashara ya nguo ikabadilika. Hadi hapo dawa ilikuwa mtumishi wa macho. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari waoshe mikono katika maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwazalisha wanawake. Vifo vya wazazi vilipungua sana. Tangu hapo mtumishi wa weupe alianza kuwa mtumishi wa uhai, ingawa madaktari wengi wa zama zile hawakutaka kuamini.

Unguja imeyajua maradhi ambayo utumishi huo huhitajika kwayo. Kipindupindu kiliuingia mji wa Unguja mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870, na daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kilichotoka mwaka 1876. Kilirudi mwaka 1978, kikarudi tena mara kadhaa, na mlipuko wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa mkubwa. Muuguzi yule alifanya kazi katika kambi ya wagonjwa wakati huo. Alisema kwamba kule hakuna aliyetazama kama sakafu ni nyeupe. Ndoo zilipimwa kwa kopo: kopo moja la dawa yenye nguvu ya 3.5 kwa mia, na makopo sita ya maji, kwa sakafu na vitanda. Kwa mikono ilizimuliwa mara kumi zaidi ya hapo. Aliyekosea kipimo kwa kuzidisha aliunguza ngozi, na aliyekosea kwa kupunguza aliacha maradhi. "Hapakuwa na kukisia," alisema. "Kukisia ni kwa chumvi ya mchuzi."

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, ngazi ilioshwa mara ya pili, na safari hii muuguzi alisimama juu kama nahodha. Kwanza vidato vilifagiwa. Kisha vikasuguliwa kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, kwa maana dawa ikikuta tope hujichosha kwa tope kabla ya kufikia kiini cha doa. Sabuni ikasuuzwa yote. Ndipo kopo moja la dawa likatiwa katika makopo tisa ya maji ya baridi, kwani maji ya moto huivunja nguvu. Walioshika brashi walivaa glavu, viatu na nguo kuukuu, na watoto walipelekwa uwanjani. Dawa ilimwagwa ikaachwa juu ya zege muda wa robo saa, kivulini, isikauke. Baada ya hapo brashi ilipita tena, na ukijani ukaachia bila ushindani. Mwisho yakaja maji matupu, ndoo baada ya ndoo, mpaka harufu ikaisha.

Maji hayo ya mwisho yana sababu ambayo si wengi huifikiri. Dawa hii hutengenezwa kutokana na chumvi, kwa kuupitisha umeme katika maji ya chumvi, na ikimaliza kazi yake sehemu kubwa hurudi kuwa chumvi. Kwenye shuka chumvi husuuzwa ikaenda. Kwenye zege lenye nyufa hujificha, ikasubiri unyevu, ikafika kwenye nondo. Chuma na chumvi havikai nyumba moja kwa amani. Kwa hiyo aoshaye jumba la pwani kwa dawa na asilisuuze huliongezea sehemu ndogo ya ile bahari ambayo tayari yalila kila siku kwa upepo.

Muuguzi aliongeza maonyo mawili. La kwanza, dawa isihamishwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto husoma umbo la chupa kabla ya kujifunza kusoma herufi. La pili, alama za kahawia za kutu zisimwagiwe dawa hii, kwani haiziondoi na huenda ikazikaza. Kijana wa ghorofa ya pili aliandika yote kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tangu siku ile ya moshi alikuwa haongei sana.

Ngazi iling'aa. Wageni hawakuambiwa tena washike ukuta. Wakazi walimwendea Mwalimu, aliyekuwa kwa binti yake mtaa wa Kikwajuni kwa kuwa hakuweza kupanda ghorofa tano, wakamweleza kwa furaha kwamba njia yake imetengenezwa. Mwalimu aliwashukuru. Aliuliza jambo moja tu: "Na maji yalikuwa yakitoka wapi?" Walimwambia ni mvua. Akanyamaza, kama mwalimu anyamazavyo mbele ya jibu la mwanafunzi ambaye hataki kumwaibisha mbele ya wenzake.

Masika yalikwisha. Kusi ilivuma, anga likawa kavu, majani ya uwanjani yakageuka rangi. Mwezi wa Julai, katika kituo kile kile baina ya ghorofa ya tatu na ya nne, doa lilirudi, lenye ukubwa wa kiganja.

Bibi ndiye aliyeliona kwanza. Alileta ndoo na kopo, akapima moja kwa tisa, akaosha kama alivyofundishwa, na doa likaondoka. Baada ya majuma matatu lilikuwapo tena. Sasa mvua haikuweza kusingiziwa. Bibi alikwenda Kikwajuni peke yake, akakaa mkekani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Ile ngazi imenishinda."

"Marahaba. Haijakushinda," Mwalimu alijibu. "Wewe umefanya kazi ya kumfukuza shahidi. Doa lilikuwa likiwaambieni pahali palipo na maji. Mmelifuta mara mbili, nalo limerudi mara mbili kusema lile lile. Sasa mwiteni fundi amsikilize."

Hii ndiyo kasoro ya dawa yoyote yenye nguvu: huweza kuondoa alama haraka kuliko mtu awezavyo kuisoma. Ukijani haukuwa adui wa ngazi, ulikuwa mjumbe. Adui alikuwa ndani ya ukuta. Kama dawa ingalikuwa dhaifu, yamkini wakazi wangalitafuta sababu mapema. Kwa kuwa ilikuwa na nguvu, iliwapa weupe wa miezi miwili na usingizi wa miezi miwili. Kuna nyumba, na kuna nchi, na kuna nafsi za watu, ambazo husafishwa hivyo kila mwaka kabla ya sikukuu, na kila baada ya sikukuu doa hurudi mahali pale pale.

Fundi aliposikiliza ukuta kwa nyundo ndogo, ulilia utupu. Alibandua plasta, na nyuma yake palikuwa na kiungo cha bomba kilichokuwa kikidondosha tone baada ya tone, kwa miaka isiyohesabika. Nondo iliyokuwa jirani ilikuwa imevimba kwa kutu. Alieleza kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na hivyo huipasua zege kutoka ndani kama mche upasuavyo kokwa. Hakuna aliyecheka alipotaja methali ya ufa na ukuta. Wote walikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila mtoto wa Unguja alilidhani la milele, ilipoporomoka na kuua watu.

Palihitajika mchango. Hapo ugomvi ulifufuka, maana jiki ni ya bei ndogo na bomba si la bei ndogo. Bwana mmoja wa ghorofa ya nne alikataa kutoa. Alisema bomba lile halipiti kwake, na kwamba yeye hutumia ngazi ya upande wa pili. Maneno yake yalikuwa na mantiki, na hakuna aliyeweza kuyajibu kwa mantiki. Aliyemjibu ni mama wa yule mtoto. Alisema, "Kaka, hata ile hewa haikutoka kwetu. Lakini kwetu ndiko ilikofika." Bwana yule aliingia ndani, akafunga mlango. Jioni mkewe alileta fedha, zimefungwa katika kitambaa, na hakuna aliyeuliza ni za nani.

Bomba lilitengenezwa. Nondo ilikwanguliwa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, ukuta ukafungwa kwa saruji mpya. Vidato viliwekewa zamu, kila mlango juma lake, na zamu ikaandikwa kwenye karatasi ile ile ya kijana. Haitakuwa kweli kusema kwamba zamu inafuatwa na wote. Wako wasahaulifu na wako wajanja. Lakini jambo moja limebadilika: maganda ya machungwa yakionekana sasa, hujulikana yamelala katika juma la nani, na aibu imepata tena nyumba ya kuingia.

Ngazi yenyewe si nyeupe. Zege halikuumbwa liwe jeupe. Lina rangi ya majivu, na pale palipokuwa na doa pana rangi ya majivu iliyo nyepesi kidogo, kama mahali pa kovu. Jiki hununuliwa bado, chupa moja kwa miezi mingi, na hukaa juu ya kabati la bibi katika chupa yake yenyewe. Kisutu chenye madoa meupe hakukitupa. Ndicho akivaacho siku ya zamu yake.

Mwalimu alirudi kwake vuli ilipoanza, siku ya manyunyu. Vijana walitaka kumbeba juu ya kiti, akakataa. Alipanda kwa bakora mpya, akipumzika kila ghorofa, na watu walisimama milangoni wakijifanya wana shughuli. Alipofika katika kituo kile baina ya ghorofa ya tatu na ya nne alisimama kwa muda mrefu. Alinyosha mkono akaupapasa ukuta kwa kiganja, kutoka juu hata chini, kama apapasavyo mtu paji la uso la mgonjwa. Ulikuwa mkavu. Akaendelea kupanda.